Ndimu, Gome la Mkoko na Cherehani ya Mama Mkubwa

Kabla ya kukitia kile chuma cha cherehani kwenye bakuli, nilikuwa nimeshajaribu kwa misumari yenye kutu mara nyingi kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu. Msumari uliolala ndani ya maji ya ndimu matupu ulitoka umekonda. Ule niliouchanganyia maji ya magome ya mkoko yaliyochemshwa ulitoka bila kutu, na unene wake uleule. Kitabu kikuukuu cha kemia, nilichokuwa nikikisoma peke yangu kwa msaada wa kamusi, kilisema kuwa viko vitu vya mimea vinavyoganda juu ya chuma vikakikinga, asidi ikala kutu tu. Mkoko hakikuutaja. Mkoko niliubuni mwenyewe, kwa sababu ya ukakasi wake unaofanya ngozi mbichi isioze. Hilo ndilo lililoninyima raha.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Dari ya Mama mkubwa, dada yake mama, pale Mji Mkongwe, ilivuja juu ya cherehani yake, ikashika kutu. Sehemu nyingi nilizisafisha kwa mafuta ya taa. Kilichogoma ni kile chuma kidogo, mfano wa mashua, kinachobeba uzi wa chini. Cherehani ilikuwa ya zamani na chuma kama kile madukani hakikuwepo tena. Kanzu za watu za Idi zilikuwa kitandani, zimekatwa, hazijashonwa.

"Kikiliwa hichi," aliniambia akinikabidhi, "watu wataswali Idi na kanzu za mwaka jana, na mwakani hawatanijia mie."

Nilikitia bakulini baada ya adhuhuri nikakaa mbele yake. Nilikitoa, nikakitazama, nikakirudisha. Mama mkubwa aliniuliza kama ninaatamia. Alasiri ilipoadhiniwa nilikwenda msikitini, na sijui nilisali nini.

Niliporudi, bakuli lilikuwa likitoa vipovu. Misumari yangu haikutoa vipovu namna ile. Nikauliza nani kaligusa.

"Mie," alijibu kutoka jikoni, alikokuwa akikuna nazi. "Umesahau chumvi, nimekutilia."

Kwetu sinia za shaba husuguliwa kwa ndimu na chumvi kila Idi inapokaribia, naye aliona nimesahau nusu ya dawa. Mimi nilijua chumvi inavyokitafuna chuma, na mchanganyiko ule sikuwahi kuujaribu. Nikakiopoa, nikakisuuza, nikakipangusa, nikakipaka mafuta. Kilikuwa cheusi kama wino. Nikapitisha ukucha pale uzi unapopita, nikahisi mkwaruzo. Au nilidhani, nilikuwa mtu wa kuhisi mikwaruzo hata kwenye kioo. Nikamwomba nikisugue, nianze upya kesho.

"Kesho ipi? Lete."

Akakitia mahali pake, akaweka kipande cha bafta nyeupe, akazungusha gurudumu. Mshono ulitoka mweusi. Nikanyoosha mkono, akaupiga kofi dogo, akaendelea. Alipofika ukingoni aligeuza kitambaa akashona tena, na tena. Uzi haukukatika. Weusi ukafifia ukawa kijivu, mwisho uzi ukatoka mweupe. Akauvuta mshono kwa mikono miwili, haukufumuka.

Nikamwambia bado nina shaka na ule mkwaruzo.

Alikuwa ameshachukua kanzu ya kwanza kitandani.

"Niondokee mwangani," alisema.