Mrembo Hapigi Magoti

Somo letu la kwanza lilikuwa kutembea na kitabu kichwani bila kukiangusha, nalo lilituchekesha kuliko yote. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja ndani ya ukumbi mmoja wa Shinyanga mjini, na sidhani kama kulikuwa na hata mmoja ambaye hajawahi kutoka kisimani na ndoo imejaa kichwani, mikono yote miwili imeshika vitu vingine. Mwalimu wetu, mwanamke aliyewahi kuishi Dar es Salaam na ambaye hakutuacha tusahau jambo hilo, alipiga makofi kwa mshangao. Alidhani ametufundisha kwa dakika tano.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mashindano ya urembo yalikuwa yameruhusiwa tena nchini baada ya kupigwa marufuku kwa miaka mingi, na kila mkoa ulitaka mrembo wake kama unavyotaka timu yake ya mpira. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa shangazi, nauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi. Mama mwenye duka alikuwa na gazeti la rangi kutoka ng'ambo, lenye picha ya warembo wa dunia nzima wamejipanga, kila mmoja na utepe wa jina la nchi yake kifuani. Alinichania ukurasa ule akanipa. Niliubandika ukutani juu ya kitanda, nikawatazama wale wasichana mpaka nikajua nani ana kishimo shavuni na nani viatu vinambana. Tanzania haikuwepo. Nikasema utepe wake utakuwa wangu: nishinde mkoa, nishinde kanda kule Mwanza, nishinde taifa, kisha ndege. Leo nikikumbuka najicheka, ila si kicheko cha furaha.

Kutembea tulijua. Vazi la ufukweni tulilizoea kwa shida, maana Shinyanga haina ufuko, ina malambo ya kunyweshea ng'ombe, na hakuna anayekwenda lamboni na chupi tu. Lakini hata hilo tulilimudu. Kilichotushinda ni magoti.

Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mkubwa akiwa amesimama kama nguzo ya simu. Anashuka, anapiga magoti, anatoa salamu, na mkubwa ndiye anayemwambia inuka. Hatukuwa tunafikiri, miguu yenyewe ilikuwa inakunjika. Akipita mfadhili, akipita ofisa wa utamaduni, akipita hata mzee aliyekuja kuuliza njia, warembo kumi na mmoja wenye viatu vya mchuchumio walikuwa chini. Mwalimu aliona aibu mpaka akatokwa jasho.

"Nyie mnakwenda kuchunga ng'ombe au mnakwenda duniani?" alifoka. "Mrembo hapigi magoti! Mkono, tabasamu, macho kwenye macho!"

Nilikwenda nyumbani nikaitazama ile picha upya. Kweli, wote walikuwa wamesimama.

Dawa aliyoigundua mwalimu ilikuwa bibi aliyefagia ukumbi. Alimwita, akamwambia aweke fagio chini apite mbele yetu, mmoja mmoja, na sisi tumpe mkono tukiwa wima. Tukikunja goti, bibi anarudishwa mlangoni anaanza upya. Alipita mara nyingi sana asubuhi ile, kanga yake kaifunga vizuri kana kwamba kaalikwa harusini, akitoa mkono wake wenye vumbi kwa watoto wanaomkodolea macho. Mwishowe akasimama katikati ya ukumbi, akauliza kwa upole, "Wanangu, nimewakosea nini?"

Mwalimu akasema, "Tena!" Mimi ndiye niliyefaulu wa kwanza, na nilipigiwa makofi. Bado nayaonea haya makofi hayo.

Baba yangu alikuwa mfugaji wa kijijini Samuye. Alikubali nishiriki kwa sababu nilimweleza nusu tu ya habari: kwamba ni mashindano ya mabinti wenye adabu na elimu, na kwamba mshindi ataiwakilisha nchi. Yalifanyika Jumapili mchana, kwa kuwa umeme wa jioni haukuaminika. Yalianza saa nane. Baba nilimwambia saa kumi, ili akifika vazi la ufukweni liwe limepita. Nilijiona mjanja kweli.

Nilishinda. Nisingeshinda, labda leo nisingekuwa na la kuandika. Walinivisha taji la bati lililopakwa rangi ya dhahabu na utepe wenye jina la mkoa, watu wakapanga mstari wa kunipongeza chini ya jukwaa. Mwalimu alisimama kushoto kwangu, mpiga picha mbele. Ofisa wa utamaduni: mkono, tabasamu, macho kwenye macho. Tajiri wa duka na mkewe: mkono, tabasamu. Nikageuza uso, na aliyefuata alikuwa baba.

Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Samuye, akajipangusa vumbi lote isipokuwa lile la kwenye nyusi. Alivaa koti ambalo halikuwa lake. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akasimama mbele yangu akangoja, kwa sababu mtoto ndiye anayeanza.

Magoti yangu yaliomba kushuka. Nasema kweli, niliyasikia. Na nilisikia pia mwalimu akinong'ona, "Wima." Nikafikiria ile picha ukutani, nikafikiria ndege, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, baba."

Kwa Kiswahili, tena. Nyumbani hatukuwahi kusalimiana kwa Kiswahili. Alikuwa akisubiri *mwadila*, salamu yetu ya Kisukuma ya alasiri, nami nikampa salamu ya darasani. Akautazama mkono wangu jinsi mtu anavyotazama kitu alichoombwa kununua na hakihitaji. "Marahaba," alisema, na mkono wake ukabaki kwenye kibuyu. Kisha akatoka kwenye mstari.

Mlangoni yule bibi mfagiaji alimwona. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa mkubwa kwa baba kwa miaka mingi, angeweza kungoja asalimiwe, lakini aliinama kidogo akaanza yeye, "Mwadila, baba," na baba akaitika kwa sauti iliyotulia. Walizungumza kidogo. Baba alimwachia kibuyu anipe, akafungua kufuli la baiskeli akaondoka. Maziwa yale nilishindwa kuyanywa. Shangazi aliyanywa, akasema ni mazuri.

Miezi miwili baadaye tulipelekwa Mwanza kwa mashindano ya kanda. Hoteli ilikuwa na mazulia, na mgeni rasmi alikuwa mzungu wa kampuni iliyokuwa ikitafuta dhahabu upande wa Geita. Siku moja kabla, waandaaji wakatuambia wameongeza raundi ya vazi la asili. Mgeni anapenda utamaduni, walisema, na huko dunia inakokwenda majaji wanataka kuona asili ya mtu. Kila mrembo aonyeshe mila ya kabila lake.

"Wewe Msukuma," mwalimu akaniambia, macho yakimng'aa, "utavaa shanga, utabeba kibuyu, utampigia magoti mgeni rasmi."

Nilidhani anatania. "Si ulisema mrembo hapigi magoti?"

"Ile ilikuwa salamu. Hili ni onyesho. Shuka taratibu, mpiga picha apate."

Hapo ndipo nilipaswa kumwachia kibuyu chake nikapande basi. Miaka yote hii nimejibu lile neno lake kichwani, kwa ukali, kwa ufasaha, na kila mara nikashinda. Siku ile nilisema, "Sawa, mwalimu."

Nikashuka. Nilishuka vizuri kuliko nilivyowahi kushuka maishani, mgongo umenyooka, kibuyu mikononi, nikasema *mwadila* kwa mtu ambaye hakujua ni asubuhi ninamsalimia au ni jioni. Maskini, hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, akainuka nusu kitini, akasema asante. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, taa za kamera zikawaka. Nilikuwa wa nne. Aliyeshinda alikuwa binti wa Mwanza, naye alipofika Dar es Salaam hakusikika tena. Utepe wa nchi ulivaliwa na mwingine kabisa, na mwaka huo sikununua hata gazeti kumwona.

Nilikwenda Samuye baada ya wiki kadhaa. Njiani nilipanga nitakavyosema: kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa na watu pembeni, kwamba siku ile mkono haukuwa wangu. Nilivua viatu kabla sijaingia uani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akikata kamba ya ngozi. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema, "Mwadila, baba."

Aliweka kisu chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha gazeti. Mama aliniambia baadaye kwamba kilikuja kimefungiwa chumvi kutoka dukani, na kwamba baba alikinyoosha kwa kiganja na kukitunza. Herufi hakuzijua, lakini picha haihitaji shule. Nilikuwa mimi, na shanga zangu, na kibuyu, na magoti yangu yote mawili sakafuni mbele ya yule mzungu.

Alikilaza chini kati yetu, picha ikinitazama mimi.

"Inuka, mama," alisema. "Hapa hakuna mpiga picha."