Karatasi ya Notaire na Karatasi ya Sebuleni

Nilimnyang'anya mzee kikombe cha chai mkononi. Ndiyo, mimi, niliyefundishwa kuinama kidogo nikimpa mkubwa maji. Mwezi uliopita mimi na baba wa watoto wangu tulikubaliana kuachana bila vita, mbele ya mawakili wetu wawili: watoto watalala wapi, nani atalipa nini, yote yameandikwa. Siku nne baadaye tonton, ndugu wa baba yangu, akaja, akakaa, akapuliza chai, akatoa karatasi mfukoni.

"Bon, maman. Ya wazungu mumeisha maliza. Sasa tufanye ya kwetu. Mukubwa aende upande wa baba yake, mudogo abakie kwako. Iyo njo desturi."

Chai ilimmwagikia kwenye suruali.

"Unafukuza tonton yako?"

"Nafukuza mkalimani," nikamjibu. "Tonton sina."

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, usinione mwendawazimu.

Miaka ya tisini tulikaa Schaerbeek, mtaa wa mji huu wa wazungu, ghorofa ya tano, juu ya kona ambapo tramu ikipinda vioo vyote vilitetemeka. Jumamosi ilikuwa siku ya sombe, yaani kisamvu. Majani yalifika kwa ndege, nusu yamekwisha kuwa ya manjano, na kazi yangu ilikuwa kuyachambua. Mama alikunja blanketi akaliweka chini ya kinu ili jirani Mturuki wa ghorofa ya nne asisumbuke, lakini wapi, mchi ni mchi. Siku moja jirani akapanda. Tukajua leo kuna ugomvi. Kumbe ameleta mkate wa ufuta, anataka tu kuona ni kitu gani tunakipiga kila wiki namna ile. Mdogo wangu, wa miaka minne, alipenda kukalia mguu wangu wakati nachambua. Mguu ulikufa ganzi, sikumtoa. Harufu ya mawese iliingia mpaka kwenye makoti yetu ya shule, na mimi nilidhani kila nyumba duniani inanukia hivyo.

Halafu baba akaondoka. Hakukuwa na kofi wala matusi. Kanisani walisema wazazi wangu wameachana kwa heshima. Walikwenda kwa notaire, mwanasheria wa kuthibitisha mikataba, na kwa kuwa Kifaransa cha mama kilikuwa cha sokoni tu, tonton ndiye aliyemkalimania. Alikuwa ameapishwa na mahakama kwa kazi hiyo. Alimsomea mstari kwa mstari: watoto wote wawili wabaki kwa mama, baba awachukue kila wikiendi ya pili, atoe fedha kila mwezi, gari liwe lake, vyombo viwe vya mama. Mama akatia sahihi.

Siku hiyohiyo, sebuleni kwetu, viti vikajaa wanaume wa upande wa baba. Tonton yuleyule akatoa karatasi ya pili, ya Kiswahili. Kwetu Kivu ndoa ikivunjika, ng'ombe wa mahari wanarudi. Na ng'ombe waliopokewa na babu yangu mzaa mama vita vilishawala, na wenye ng'ombe pia.

"Ng'ombe haziko," tonton akasema, "lakini mutoto mukubwa iko."

Mutoto mukubwa nilikuwa mimi. Miaka tisa, nimesimama mlangoni na sinia la karanga. Donc, basi, niende Uccle kwa shangazi, dada ya baba, na hakuna atakayemdai mama ng'ombe hata mmoja tena. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Mama akatia sahihi, kwa kalamu ileile.

Usimcheke. Kwa mama, karatasi ya notaire ilikuwa ya guichet, ya dirishani kwa makarani, kitu cha kuonyesha pale commune, ofisi ya mtaa, kama kitambulisho. Iliyofunga mtu ni ile iliyosainiwa mbele ya wakwe.

Kwa shangazi kulikuwa na bustani na ukimya. Sikupigwa, sikulala njaa. Nilinyoosha nguo, nilibeba watoto wake, na mboga ilitoka kwenye friji ikiwa vipande vya mraba vilivyoganda, vigumu kama matofali. Schaerbeek ilikuwa tramu mbili tu kutoka pale, lakini nilimwona mdogo wangu Jumapili kanisani, ng'ambo ya viti, kwa sababu mimi nilikaa upande wa baba. Baba naye akasema mtoto mmoja amekwisha kumbeba, akakata fedha nusu. Mama akaongeza kazi ya usafi mtaa wa Auderghem, mdogo wangu akaachwa kwa jirani Mturuki, akajua kuhesabu kwa Kituruki kabla ya Kiswahili. Alipofika miaka saba alinitambulisha kwa rafiki yake: "C'est ma cousine." Yaani binamu yake. Nilikuwa na biskuti mdomoni, nikaendelea kutafuna.

Mwaka wa mwisho wa sekondari shule ilitaka hati za familia. Mama akanipa bahasha. Nikasoma nimesimama jikoni kwake.

"Maman, imeandikwa tubaki wote wawili kwako."

Akaendelea kufuta meza. "Najua. Tonton alinisomea vizuri."

"Na ukaninyamazia?"

"Nani angeshitaki shemeji yake kwa wazungu? Wewe ungeolewa na nani?"

Leo jengo lile limepakwa rangi, jirani amerudi kufia kwao, kinu sijui kiko wapi. Watu hulia kwamba harufu za utoto zimepotea. Mawese yanauzwa kila duka. Mimi nilipoteza miaka tisa ya mtoto aliyekuwa akikalia mguu wangu, na leo tukikutana tunaulizana habari za kazi kama watu waliopanga foleni moja.

Jumatatu baada ya chai ile nikaenda mahakamani na barua ya malalamiko, kwenye ofisi yenye orodha ya wakalimani walioapishwa. Karani akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Madame, hii ni ya zamani sana."

"Yeye bado anafanya kazi," nikamwambia. "Wiki hii yuko kwa notaire na mama mwingine. Pokea."

Akapiga muhuri. Niliandika kwa Kifaransa, bila kilio, na hapa nakuwekea sehemu ya mwisho kama ilivyo:

"Mtu huyu alimkalimania mama yangu mkataba uliomwachia watoto wawili. Aliuelewa, na aliusoma sawasawa. Siku hiyohiyo alimsainisha karatasi nyingine iliyomwondolea mmoja. Mwezi huu amejaribu kufanya vivyo hivyo kwa watoto wangu. Simlalamikii kwamba anakalimani vibaya. Namlalamikia kwa yale anayoyafanya akishatoka mlangoni kwenu na jina lenu. Naomba mlifute jina lake kwenye orodha, na kila mwanamke aliyekalimaniwa naye aandikiwe barua, kwa lugha yake, aambiwe karatasi ipi ndiyo yenye nguvu."