Salamu Zangu kwa Wapishi wa Rameni

Heri niseme mwenyewe kabla wenzangu wa wodi hawajaisambaza habari hii. Mimi ni nesi, Mkenya wa DeSoto, mji mdogo kando ya Dallas, Marekani. Juzi bosi wetu mpya alitualika hoteli moja ya Kijapani yenye jina kubwa hapa Dallas, ile watu hupanga foleni juani kwa sababu ya rameni, supu yao ya tambi. Nilijipamba kama mama wa bwana harusi.

Kuingia tu, wapishi wote wakapaza sauti pamoja kwa Kijapani.

“Wanatukaribisha,” bosi akanieleza.

Sasa, kanisani kwetu mgeni akikaribishwa husimama akajitambulisha. Ningenyamaza kama asiye na mama? Nikainua mkono, na kwa Kiingereza cha Nyeri nikatangaza: “Bwana asifiwe! Naitwa Mama Njeri, nimeokoka, na nimewaletea salamu kutoka DeSoto!”

Hoteli nzima ikageuka kunitazama. Mpishi mmoja akainamisha kichwa kwa heshima, nami nikapata moto. Nikaanza kutaja watoto.

Mlango ukafunguka. Akaingia jamaa wa kupelekea watu chakula majumbani, amekuja kuchukua oda, macho kwenye simu. Wapishi wote wakampigia ukelele ule ule, tena kwa nguvu zaidi.

Hata hakuinua kichwa. Mimi mkono bado ulikuwa juu.