Mgeni Niliyemkaribisha Mahameni

Wallahi sisemi uongo. Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize.

Kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mimi nilikuwa fundi wa kushona kanzu, lakini roho yangu yote ilikuwa kwenye sanduku la kupigia picha nililonunua kwa Mgoa mmoja wa Unguja. Watu walitaka niwapige wao. Mimi nilipenda mahame: nyumba za mawe zilizohamwa, madirisha matupu, mizizi imepasua kuta. "Picha ya nyumba isiyo na mtu ya nini?" walinicheka. Niliwaambia hayawahusu.

Siku hiyo nilikwenda kwenye mahame ya upande wa Mbegani na mke wangu, Mwanaidi. Binti yetu Zuhura, mtoto wa miezi minne, tulimwacha kwa bibi yake. Nilitaka Mwanaidi asimame mlangoni ili picha ionyeshe urefu wa mlango ule. Ilikuwa jua la utosi, saa ambayo wenyeji hawakanyagi pale. Nilijua, tena sana. Lakini mwanga ndio niliokuwa nautaka, na mimi nikishataka kitu sisikii la mtu.

Sasa sikiliza. Ukijifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku, unaona kila kitu kimepinduka kwenye kioo: miti inaning'inia, mtu miguu juu. Ndivyo nilivyomwona Mwanaidi. Na ubavuni pake nikamwona mwanamke mwingine, amevaa kaniki, amesimama wima. Wima! Ndani ya kioo kinachopindua dunia nzima!

Mara nyuma ya mgongo wangu sauti ya upole ikasema, "Hodi."

Wewe ungefanyaje? Tangu utotoni mtu akipiga hodi mdomo unaitika wenyewe. "Karibu," nikasema.

Nilipofunua kitambaa, Mwanaidi alikuwa peke yake mlangoni, anatabasamu. Tukarudi nyumbani. Njia nzima alitangulia mbele, nami nikajiambia ni jua tu limenipiga.

Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Alikuwa uani anamnyonyesha mtoto. Nikasimamisha sanduku, nikajifunika, nikatazama. Ukuta kichwa chini, kinu kichwa chini, Zuhura wangu kichwa chini. Aliyempakata alikuwa wima.

Nikakimbilia kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulimkaribisha wewe, kumtoa ni neno lako wewe. Akitoka, mkeo atarudi. Lakini amekwisha kumnyonyesha mtoto, na kwa maziwa hayo ni mama yake. Ataondoka naye."

Nilikwenda mahameni nikilia njia nzima. Nikasimama mbele ya mlango ule, nikayasema yote kwa sauti, kwa ukuta, kama mwendawazimu. Ndani hapakuwa na kitu ila majani na popo. Kisha nikamsikia, sauti yake kabisa, mke wangu.

"Baba Zuhura, mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Ananyonya?"

Nikashindwa kumdanganya. "Ananyonya."

"Basi mwache anyonye," akasema. "Na wewe usije tena."

Zuhura sasa ameolewa, ana watoto wake, na anampenda mama yake kupita kiasi. Mimi nakaa na mwanamke huyo nyumba moja. Nakula anachopika. Hajanifanyia ubaya wowote, lakini jina la Mwanaidi sijamwita hata siku moja, wala yeye hajaniuliza kwa nini.

Nawe unayependa kuingia mahame, ingia, sikukatazi, ningekukataza kwa uso gani? Ila usiitike sauti ambayo mwenyewe hujamwona. Mimi mke wangu yuko kule mpaka leo, na sijui anakula nini.