Kosa Ambalo Mtoto Hakulifanya

Kiswahili nilikipata kambini, nikiwa mtoto wa askari polisi, na ndicho kinachonisaidia kufundisha kwenye shule ya msingi kando ya Ziwa Albert, ambako wanafunzi wengi ni watoto wa wavuvi waliotoka Kongo. Somo langu kubwa ni mamba. Nawafundisha watoto wasiinamie maji, wateke kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu, waende wawili wawili: mmoja ateke, mwingine aangalie ziwa. Wanalijua kuliko hesabu.

Mwaka jana mamba alimkamata mkono mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Mwenzake alipiga mayowe, wavuvi wakamwokoa kwa makasia. Alipelekwa Kampala, akalazwa hospitali moja huko Mengo. Mama yake alikuwa na kichanga, kwa hiyo nilikwenda mimi kukaa na mtoto.

Alipopata nafuu, shirika linalotuchapishia mabango ya somo lilitualika ofisini kwao Kamwokya, mjini humo humo. Tulikuta wageni, chai na sambusa. Nilidhani wanataka kumpa pole. Bwana mmoja mwenye suti akamsimamisha mbele, akauinua ule mkono wenye bendeji ili wote wauone.

"Haya binti, waambie wageni ulikosea wapi."

Mtoto akanigeukia. "Mwalimu, niseme nini?"

"Sema kilichotokea."

"Nilikuwa na kopo la mti mrefu," akasema. "Mwenzangu alikuwa anaangalia. Mamba alipita pale uzio wa kuwazuia ulipoanguka."

"Lakini ulisogea karibu mno, siyo?"

"Hapana. Mamba ndiye aliyetoka majini."

Yule bwana akacheka kidogo, akawaambia wageni, "Mnaona? Elimu bado inahitajika."

Nikasimama. Sikumbuki kuamua kusimama.

"Huyu mtoto alifanya yote tuliyomfundisha," nikasema. "Uzio ule mliujenga nyinyi, mkapiga nao picha. Ulipoanguka tuliwapigia simu mpaka tukachoka. Kisima mlichotuahidi hakijachimbwa hadi leo. Sasa mnamtaka yeye aombe radhi kwa kuliwa?"

"Madamu, hapa si mahali pa mambo hayo."

"Mahali pake ni wapi? Ziwani?"

Mgeni mmoja alikoroga chai yake, akaikoroga tena. Nikamshika mtoto mkono wake mzima tukatoka.

Tulitembea mpaka Kalerwe. Nilimnunulia roleksi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, akaila akiwa amesimama kando ya barabara.

"Mwalimu, wamekasirika?"

"Waache wakasirike."

Akatafuna kwanza. "Mimi nilitaka ile sambusa."

Nilicheka, kisha nikageuza uso asione machozi yangu.

Uzio ulikuja kusimamishwa na wazazi wenyewe, kwa nguzo walizokata na nyavu kuukuu. Kisima hakuna. Mtoto amerudi darasani, anaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, na hasira zake siku hizi ni za karibu, sizikemei.

Muhula huu shirika lilitutumia mabango mapya. Yamechorwa msichana aliyeinama majini, mamba nyuma yake, na maandishi makubwa: USIZEMBE. Mwalimu mkuu aliniagiza niyabandike kila darasa. Niliyakunja yote, nikampelekea mpishi jikoni awashie moto wa uji.