Maikrowevu Iliyokwaruza Siku ya Idi

Sipendi kujisifu ovyo, lakini hili nitalisema: katika nyumba yetu ya Lamu, mimi peke yangu ndiye niliyesoma kijitabu kilichokuja na maikrowevu. Wengine walitaka kukifungia bajia.

Siku ya Idi, baada ya swala, ilianza kukwaruza. Kwetu mgeni wa Idi hapewi halua baridi, nami nilikuwa nimepasha bakuli baada ya bakuli tangu wageni wa kwanza. Mara ikalia kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Nikaizima.

Kaka yangu mkubwa, fundi wa mashua kule Matondoni, alikuwa amekuja kula Idi na wajomba sebuleni, akasikia. Huyu chombo kikilia hukifungua, hukitia mafuta, kikanyamaza. Kabla sijageuka alishakuja na bisibisi na chupa ya mafuta ya nazi, akaanza kulegeza skrubu ya nyuma, plagi bado iko ukutani.

“Ndia ni moya tu,” alisema, kana kwamba hakuna njia nyingine duniani. “Ifunguliwe, itiwe mafuta.”

Niliogopa mno. Nikachomoa plagi, nikajipenyeza kati yake na maikrowevu.

“Haifunguliwi, kaka. Humo ndani umeme hubaki hata plagi ikitoka. Waua. Na hauyui kama wewe ni fundi.”

Wajomba wakainua shingo kutazama. Nani aliwahi kumkataza kaka kugusa chombo kibovu? Tena mdogo wake, tena mwanamke! Alinikazia macho. Mimi ninayeogopa hata kuku sikusogea.

“Kaza hiyo skrubu.”

Aliikaza huku akinung’unika. Nikatoa sahani ya kioo. Chini yake, ile pete yenye vigurudumu vitatu ilikuwa imeganda kwa halua iliyochuruzika, punje za ufuta zimenasa kila mahali. Nikaiosha kwa maji moto na sabuni, nikapangusa ndani, nikakausha vyote na kuvirudisha. Nikaweka kikombe cha maji, maana haiwashwi tupu, nikaiwasha. Ikavuma taratibu. Ingekwaruza tena, ningeichomoa na kuipeleka kwa fundi wa umeme bila kuona haya.

Kaka alikunywa kahawa yake harakaharaka, akaaga, akaondoka na bisibisi yake. Nilidhani amekasirika.

Wiki mbili baadaye bibi mmoja wa Matondoni alibisha hodi, maikrowevu yake imefungwa kwa leso.

“Nimempelekea kakako, amekataa kuigusa,” alisema. “Amenambia hizi zina fundi wake Lamu, ni wewe.”