Siku ya utafiti chuoni Pemba: Nilisimama kuukana utafiti wangu mbele ya mtu niliyemhoji

Wakuu, salamu kwenu nyote. Na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona pia.

Nataka kuwasimulia yaliyonikuta mwezi uliopita hapa Pemba. Ni ya kweli na mwenye kukutwa ni mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, maana kisiwa chetu kidogo, ukitaja jina moja watu wanakutajia ukoo mzima.

Mimi ni binti wa Chokocho. Nimemaliza shahada ya ualimu mwaka jana, nasubiri ajira. Mjue mapema kwamba nina ugonjwa wa kufikiria kupita kiasi. Mtu akinijibu "sawa" kwenye WhatsApp bila kuweka hata kikatuni, siku nzima najiuliza nimemkosea nini.

Sasa wanachuo wa mwaka wa tatu waliandaa siku ya kushirikishana tafiti za elimu. Wameandaa wenyewe, walimu wao walialikwa tu kama wageni. Kiongozi wao, Suleiman, akanitumia ujumbe kuniomba nikawasilishe utafiti wangu.

Jibu la kukubali niliandika mara sita nikifuta. Mwisho nikatuma "Sawa." Bila kikatuni.

Utafiti wangu ulihusu wazazi wa upande wa Shumba na jinsi wanavyosaidia watoto kusoma nyumbani. Mwalimu mmoja wa skuli alinifikisha mtaani, nikapita nyumba kwa nyumba na dodoso langu, nikiuliza kama mzazi anasoma madaftari ya mtoto kila siku na kumsahihisha. Karibu wote walijibu ndiyo. Nikaandika kwamba wazazi wanashiriki kwa kiwango kikubwa, supervisor akafurahi, nikavaa joho, baba akatundika picha yangu ya joho ukutani.

Zikiwa zimebaki siku tatu, Suleiman akapiga simu.

"Dada, kuna jambo dogo. Kila mtoa mada aje na mtu mmoja aliyemhoji. Hatutaki kuwasema watu nyuma ya migongo yao."

"Suleiman, hilo ndilo unaliita dogo?"

"Usafiri na chakula juu yetu."

Kana kwamba nilikuwa na wasiwasi wa chakula.

Nikampigia Mwalimu Hamad, mwalimu mkuu wa skuli ya watoto wale, kumwomba ruhusa ya kumwalika mzazi mmoja. Alifurahi sana kunisikia.

"Ule utafiti uliotuletea nakala umetufaa mno, mwanangu. Tulikuwa na darasa la kusoma la alasiri, walimu wanachoka. Sasa kama wazazi wanafanya kazi hiyo nyumbani, kamati imeona muhula ujao tulifunge."

Wakuu, nilijisikia fahari. Nilikata simu nikitabasamu, utafiti wangu umefanya kitu duniani!

Kisha nikafungua bahasha ya fomu za ridhaa nitafute jina la mtu wa kumwalika. Hizi ni zile karatasi ambazo mtu anatia saini kukubali kuhojiwa. Nilizikusanya siku ile, nikazifunga, sikuzigusa tena, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuonyesha tu kwamba niliomba ruhusa.

Fomu ya kwanza, dole gumba.

Ya pili, dole gumba.

Nikaendelea kufunua. Saini za kalamu zilikuwa chache, za kuokoteza. Watu walioniambia wanasoma madaftari na kusahihisha kila siku, walitia alama ya dole.

Nikakaa chini. Nikajipa moyo kwamba labda kusoma wanajua, ila kushika kalamu hawakuzoea. Wapo bibi zetu wengi wanaosoma msahafu vizuri kuliko mimi na hawajawahi kuandika jina lao. Lakini hilo sikuwauliza. Sikuwauliza hata mmoja kama anajua kusoma.

Na darasa la watoto linafungwa kwa karatasi yangu.

Siku zile tatu sikula vizuri. Nilijiona nikinyang'anywa shahada. Nilijiuliza ile picha ya ukutani itashushwa au itageuzwa tu uso. Nilifikiria kujifanya mgonjwa, nikachagua hadi ugonjwa, kisha nikaogopa Mungu asije akanipa kweli.

Niliyemwalika alikuwa Bi Mize, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza niliyoingia. Anamlea mjukuu wake wa darasa la nne. Kumuuliza ukweli kwa simu niliona aibu. Nikamwalika tu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, wanachuo wamependeza, spika inalia kama paka aliyekanyagwa. Bi Mize amekaa mstari wa mbele na buibui lake jipya, pembeni yake Mwalimu Hamad, aliyesema asingekosa. Supervisor wangu yuko safu ya pili.

Kijana aliyenitangulia alizungumzia madawati, akapigiwa makofi. Nikaitwa.

Slaidi mbili za mwanzo nilisoma kama zilivyo. Ya tatu ndiyo ilikuwa na matokeo, kwa herufi kubwa za kijani. Nikaitazama, nikamtazama Mwalimu Hamad anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikasema, "Jamani, haya niliyoandika hapa siyaamini tena."

Ile spika ikalia tena.

Nikaeleza yote. Fomu, madole, swali nisilouliza. Nikasema, "Mwalimu Hamad, nakuomba, darasa lisifungwe kwa sababu yangu."

Suleiman, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akasimama aniokoe. Kabla hajaanza, Bi Mize akanyanyua mkono. Wakampelekea kipaza sauti, akakisukuma.

"Hicho cha nini? Nna sauti yangu."

Akanigeukia.

"Mwanangu, weye ulikuja kwangu umeletwa na mwalimu, jua kali, hata maji hujanywa. Ukaniuliza kama nasoma madaftari. Mie nikuache urudi kwa mwalimu na hapana? Mgeni hatolewi hivyo ndani ya nyumba ya mtu."

Watu wakaanza kucheka. Mimi bado.

"Na ulipotoka ukaelekea kwa Bi Time, nikampigia ukelele kule uani: mgeni anaulizia madaftari, sema ndiyo! Asije akasema hapana akaniaibisha miye niliyesema ndiyo. Naye akampigia wa mbele yake."

Wakuu, ule ukelele niliusikia! Nilidhani anafukuza kuku.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Supervisor alivua miwani akawa anafuta macho.

Bi Mize akangoja watulie.

"Msahafu nasoma. Hizi herufi za skuli ndizo sizijui. Lakini msidhani kwangu hakusomwi. Mie nikikaa kusuka ukili wa mikeka, mjukuu ananisomea kitabu. Akikwama namwambia rudia. Akiruka mstari namjua, maana hadithi haishikani. Hayo hukuniuliza. Weye ulikuja na madaftari tu."

Kisha akamgeukia Mwalimu Hamad.

"Na hicho kitabu anachonisomea anakitoa darasa la alasiri. Mkilifunga, atanisomea nini? Kalenda?"

Mwalimu Hamad akashika kofia yake, akaizungusha kichwani.

"Bi Mize, mbona kwenye kikao cha wazazi hukusema?"

"Kikaoni ulisema utafiti umeonyesha. Nikaona kama ni utafiti, basi labda nilikosea mie."

Hapo hata Mwalimu Hamad alicheka. Akasimama, akasema mbele ya wote kwamba jambo hilo analirudisha kwenye kamati, na yeye atakuwa wa kwanza kupinga kufungwa kwa darasa. Wiki iliyofuata akanipigia: darasa linabaki. Zaidi ya hapo, kamati imewaomba wanawake wanaosuka waje na ukili wao pale pale darasani, watoto wawasomee. Bi Mize kakubali kwa sharti kwamba asipangiwe mahali pa kukaa.

Kisha nikaenda kwa supervisor. Nilijiandalia hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na hitimisho. Hakuisubiri.

"Hilo dodoso mimi nililipitia na kulitia saini," alisema. "Kama ni kuvuliwa joho, tutavuliwa sote. Kaandike upya sura ya nne, ile ya matokeo, safari hii tuandike pamoja."

Nimerudi Shumba tayari. Sikwenda na mwalimu wala dodoso, nilikwenda mwenyewe na daftari tupu. Nimekunywa chai kwanza. Nikauliza swali moja, mtoto akirudi skuli hapa nyumbani kunakuwaje, kisha nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ni kazi ngumu, lakini niliondoka na kurasa kumi na moja zimejaa.

Nililojifunza ni kwamba siku tatu nzima niliwaza nitakavyoaibika mimi, na miezi yote ya utafiti sikuwaza hata dakika moja kwa nini watu wanaonikaribisha wanikatalie jambo usoni. Kila mtu alinijibu kwa adabu. Mimi nikaiandika adabu yao kama matokeo.

Wataalamu wa mbinu za utafiti mnaotaka kuniambia ningejaribisha dodoso kwanza, karibuni, ila njooni taratibu, moyo wangu mnaujua. Na nyinyi wengine mliowahi kugongewa mlango na mwanachuo mwenye fomu, leo semeni ukweli hapa: mlimjibu nini?